Mraba Uliokosekana Ukutani

Wanafunzi walimwita Daktari Wino. Miaka thelathini na mmoja alikaa chumba kimoja cha maabara, meza inayumba, dirisha halifungi, akichora michoro ya koo za watu, kizazi kwa kizazi: mwanamume mraba, mwanamke duara, mwenye ugonjwa wa neva hujazwa wino mweusi. Watoto waliozaliwa na uti wa mgongo wazi na vijana waliokakamaa miguu mwaka hadi mwaka, wote walipitia kwenye kalamu yake.

Dharau hakumnyima mtu. Mkurugenzi wa maabara, alisema, alivaa koti jeupe siku za kupigwa picha tu, na darubini hakujua inawashwa wapi. Lakini waliomtia kichefuchefu hasa ni wakwe walioapa kwamba kwao hakuna kilema, balaa limeletwa na mke. "Wanamfungia mgonjwa chumba cha uani," aliwaambia wanafunzi, "halafu wanakuja kuniuliza mjukuu kapatwa na nini." Kisha aliwaonyesha ukoo wake mwenyewe, alioubandika ukutani, vizazi vinne bila doa jeusi. Safi, eti!

Siku moja aliingia mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, mimba ya miezi mitano. Kipimo kilionyesha mtoto wa kiume. Mama yake, siku za mwisho, alikuwa akimtaja kaka yake mmoja aliyekuwa akitambaa. Mpwa alitaka kujua kama amwogopee mwanawe.

Daktari alijua vizuri kuliko yeyote: ugonjwa ule hubebwa na akina mama, na kuwakamata wana wao wa kiume. Alikuwa amemlisha kaka yule kwa kijiko, katika chumba cha uani, mpaka alipokufa.

"Kwetu hakuna ugonjwa," alisema.

Alijisikia akisema hivyo, kwa sauti ileile ya wakwe, akajichukia. Mpwa aliutazama ukuta.

"Mama mkubwa, Bibi alizaa watatu. Hapa mbona wawili?"

Daktari alipanda kiti, mwanamke mzima wa miaka sitini, akachora mraba kando ya maduara mawili na kuujaza wino. Kisha akatoa sindano. Kipimo cha ugonjwa huo alikuwa nacho kwenye jokofu, hatua tatu kutoka pale, kwa miaka kumi na mmoja. Dada yake alikufa bila kupimwa.

Mpwa alikunja mkono wa gauni.

"Ulikuwa unangoja nizae kwanza?"

Daktari alimfunga kamba mkononi, akautafuta mshipa.