Chaza Safi wa Shangazi

Kazini sijidharau. Miaka kumi na moja nimekausha, nimesaga na kuyeyusha kwa asidi karibu kila kitu kinacholetwa kwenye maabara yetu pale Westlands, Nairobi: mchicha, maziwa, hata udongo wa bustani ya tajiri mmoja wa mtaa wa Karen aliyeshuku kwamba jirani anayatilia maua yake sumu. Kwa hiyo kinamama wa kijiji chetu cha Pwani walipolalamika kwamba bomba la kiwanda linachafua hori lao, ule mkono wa bahari unaoingia kijijini, na kiwanda kikajibu kwamba maji ni safi, nilisema nileteeni chaza, nitawapima mimi.

Chaza ni shahidi mzuri. Maji ukiyachota leo yana sumu, kesho yameshatoka na mkondo. Chaza hahami. Hukaa palepale alipojishikiza, akichuja maji mchana na usiku, na risasi, ile metali ya sumu, inayopita humo hubaki mwilini mwake kwa miezi. Ukimpima yeye, umepima msimu mzima.

Shangazi yangu ndiye aliyekubali kuwakusanya. Nilimweleza kwa simu awabandue kwenye mikoko karibu na bomba, awatie kwenye boksi la barafu, awapakie kwenye basi la asubuhi. Walifika Nairobi wamesuguliwa, wamefungwa kwa kitambaa cheupe, na ndimu sita pembeni. Nilicheka, nikatia ndimu kwenye mkoba wangu.

Majibu yalitoka Jumatano asubuhi. Risasi kidogo mno, si ya kumtisha mtu. Ripoti ilisubiriwa Ijumaa na maofisa watakaoamua kama bomba lifungwe, na ilibaki saini yangu tu.

Mwenzangu wa maabara, mzaliwa wa Riruta ambaye hajawahi kula chaza wala hana mpango huo, alinichungulia begani.

"Sasa shida yako ni gani? Mashine imesema hiyo maji iko fiti. Weka saini twende lanchi."

Nilikuwa na hasira, ila si naye. Nimekulia kwenye hori lile. Utando wa mafuta ulio pale bombani naujua. Nikaiendea ndoo ya taka, nikatoa magamba. Chaza wa mkoko huwa na mfereji mgongoni pale alipoukumbatia mzizi. Hawa walikuwa bapa, wamegandana na vipande vya mwamba. Na mwamba uko kwenye mlango wa hori, mwendo wa saa nzima kwenye tope, kule maji ya bahari kuu yanakoingia.

Nilichana ripoti. Nikawaandikia maofisa kwamba sampuli zilitoka mahali pasipokusudiwa, kosa ni langu, wanipe wiki moja. Kisha nikapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Wale chaza uliwatoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mwambani. Wamekufikia wazima?"

"Si nilikwambia wa bombani!"

"Nilikusikia. Lakini mtoto wa kaka yangu nimtumie vitu vinavyonuka mafuta? Nilijua ukishapima, watakaobaki utawala."

Hapo hasira ziliniisha, nikajilaumu. Kwetu hata sahani ya jirani hairudishwi tupu, nami nilimwagiza mtu mzima anitumie uchafu kwa basi bila kumweleza kwa nini. Nikamweleza upya, polepole: safari hii nawataka walewale wabaya, wasioshwe, wasichaguliwe, na sitamla hata mmoja.

"Haya," akasema. "Hao wala si kazi, wako hapa nyuma ya nyumba. Tena leo nimeshabandua wengine, wako jikoni. Nikutumie haohao?"

"Ulikuwa umewabandua wa nini?"

"Wa chakula cha mchana, wengine wako motoni tayari. Mwambani ni mbali, mwanangu. Kule huenda kwa ajili ya mgeni tu. Sisi hula hawa wa hapa."

Nyuma yake nilisikia wajukuu wakigombania vijiko.

"Shangazi, epua chungu," nikamwambia. "Kiepue sasa hivi."