Kidole Gumba cha Delmar Fossum

Katika mji wa Vesterby, Minnesota, mwanamume hatakiwi kupenda mifarishi. Anaruhusiwa kulala chini yake, na kila Septemba anaruhusiwa kuubeba wa mkewe kutoka kwenye pikapu hadi ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, siku ya maonyesho. Baada ya hapo mahali pake ni benchi la waume, kando ya mlango wa jikoni, anywe kahawa nyepesi, alalamikie bei ya mahindi na angoje. Mablanketi hayo ya viraka, yanayoshonwa kwa mkono majira mazima ya baridi, ni mambo ya kina mama.

Delmar Fossum aliipenda kupita kiasi. Alikuwa mkulima mrefu wa kuinama kila mlangoni, mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi alizunguka ukumbi ule ubavuni mwa mkewe Ardith, mikono nyuma, kwa sababu kila safu ilikuwa na kibao cha USIGUSE. Ardith alitazama rangi. Delmar alitazama mishono, tena alikuwa na namna yake ya kuisoma.

"Huyu alikuwa na haraka," angesema. "Alikuwa na mkate jikoni." Au: "Huyu alimkasirikia mtu. Ona alivyouvuta uzi hapa. Halafu hapa wakapatana."

Ardith alicheka mpaka akashika mbavu. Aliwaambia watu wazi kwamba siku ile aliipenda kuliko Krismasi. Harlan, kaka yake, alikuwa akipiga kelele kutoka benchini, "Shemeji! Ukimaliza kukagua vitambaa njoo nikupe sindano!" Delmar hakujali hata kidogo.

Kilichomharibia ni kidole. Gumba lake la kulia lilikatwa ncha kwa mshazari na mashine ya mahindi alipokuwa kijana, na likapona hivyohivyo, limekaa upande kama tufaha lililoumwa. Asubuhi ya maonyesho ya mwaka mmoja alikuwa ametia grisi tela lake. Alinawa, tena kwa sabuni ya unga, lakini grisi ya shambani haisikii sabuni.

Mwisho wa safu ya mwisho ulining'inia mfarishi wa ukoo wa Ione Tveit, mwenyekiti wa kamati, mwanamke ambaye hata mchungaji akimwona hurekebisha kola. Ulikuwa wa kahawia, mkongwe kuliko kanisa lenyewe, na watu waliupita bila kusimama. Delmar alisimama. Pembeni pake palikuwa na mishono midogo mno, kiasi kwamba hakuamini macho yake. Ardith alikuwa ameshaenda kupanga foleni ya pai. Delmar alitazama kushoto, akatazama kulia, akagusa. Gumba tu. Kitambaa kilikuwa laini kama sikio la ndama.

Alipoinua mkono, doa jeusi lilibaki pale, limekatika ncha kwa mshazari, wazi kama sahihi.

Basi lile jitu, lililowahi kumzuia fahali kwa mikono mitupu, likatoka mbio. Akaenda akajibanza kwenye benchi la waume, mkono mfukoni.

"Karibu duniani, shemeji," alisema Harlan, akamsogezea kahawa.

Mwaka uliofuata alikwenda benchini moja kwa moja.

"Huji?" aliuliza Ardith.

"Magoti," alisema Delmar.

Magoti hayohayo yalikuwa yamepanda ghala la mahindi hadi juu wiki ile ile. Lakini mtu akishasema magoti hawezi kuyarudisha, na Delmar aliyasema miaka tisa. Alimwogopa Ione kuliko radi. Ardith alizunguka peke yake, akirudi na sahani ya pai na kumsimulia alichokiona. Miaka ya kwanza alisimulia kirefu. Baadaye akafupisha. Miaka ya karibuni aliweka tu sahani mapajani mwa mumewe, akakaa upande wa pili kwa wanawake wenzake.

Mwaka huu kamati iliamua kuonyesha mifarishi ya kale kitandani. Kinawekwa kitanda cha chuma katikati ya ukumbi, mifarishi inarundikwa juu yake, halafu watu wawili waliovaa glavu nyeupe wanauinua mmoja baada ya mwingine na kueleza asili yake. Mmoja wa wawili hao alikuwa Ione. Mwenzake aliamka na homa. Ione alikwenda hadi kwenye benchi la waume akawatazama kama mtu anayechagua maksai mnadani.

"Fossum. Simama."

"Ione, magoti yangu..."

"Nani ameuliza magoti? Nataka mikono mirefu. Mfarishi usiguse sakafu. Vaa hizi."

Glavu zilikuwa za kike. Delmar alizivuta, zikalia, zikaingia nusu.

"Umependeza, bibi harusi," alisema Harlan, na benchi zima likaangua kicheko.

Ulipoinuliwa mfarishi wa kwanza Delmar alisahau kwamba anachekwa. Miaka yote ya kutazama mikono ikiwa nyuma, na sasa uzito wenyewe ulikuwa mikononi mwake. Aliushika kama anavyoshikwa mtoto wa kubatizwa. Akamtafuta Ardith kwa macho, akamwona safu ya pili, amekaa wima, sahani ya pai mapajani haijaguswa. Alikuwa hamtazami mumewe. Aliitazama glavu.

Mfarishi wa tano ulikuwa wa kahawia.

"Huu," alisema Ione, na ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya huo tu, "ulishonwa na mama wa bibi yangu. Usiku aliozaa mtoto wa kwanza kulikuwa na dhoruba ya theluji. Mumewe, Torvald, alikuwa mhunzi. Alitoka mbio kiwandani bila kunawa, akamfunika mkewe na mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Na hapa, jamani, mpaka leo, kuna gumba lake."

Mwanamke mmoja wa mbele alitoa leso.

"Mnaona ncha ilivyokatika? Ni patasi ilimkata. Maskini Torvald."

Leso zikawa nyingi. Mchungaji naye aliondoa miwani akaifuta. Delmar alikaza kiganja ili afiche gumba, na kwa kukaza huko mshono wa glavu ukapasuka trrr, gumba likatokeza nje, shubiri moja kutoka kwenye doa, ncha upande. Mtu yeyote mwenye macho angewaona ni mapacha.

"Tukunje," alisema Ione kwa sauti ya ukumbini.

Kuukunja mfarishi, wawili hao lazima wakutane. Walisogeleana, pembe kwa pembe, mpaka vichwa vikakaribiana.

"Ione," alinong'ona Delmar, jasho likimtoka, "hilo doa ni langu."

Ione aliendelea kuwatabasamia watu. "Najua. Shika pembe."

"Unajua?"

"Kaunti hii nani mwingine ameliwa kidole namna hiyo? Punguza sauti, watu wanalia."

"Na Torvald?"

"Torvald alikuwa karani wa posta. Kunja."

Wakarudi nyuma, wakaja tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe uje uniambie. Nikakukasirikia miaka miwili mizima. Wa tatu, watu wakaanza kuniuliza doa la nani, nikachoka kusema sijui. Kabla yako hakuna mtu aliyeutazama mfarishi wa bibi zangu. Pembe, Delmar, inashuka."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshasamehe zamani. Mwakani uje na glavu zako mwenyewe, hizi umeziua."

Delmar alitoka pale kitandani mwepesi kama mtu aliyeshusha gunia. Harlan alikuwa amemwekea nafasi benchini na anampungia mkono. Lakini alipogeuka aliona kiti cha Ardith kitupu. Mkewe alikuwa kwenye ndoano za makoti, mkono mmoja umeshaingia. Hapo gunia likarudi mabegani, tena zito zaidi. Miaka tisa alikuwa amemwogopa mwanamke mmoja, akamsahau yule ambaye yeye alimkosea hasa.

Alikwenda pale na glavu zake zilizopasuka.

"Ardith. Lile doa..."

"Ni lako," alisema Ardith bila kugeuka. "Kidole hicho nakiona kwenye kikombe kila asubuhi ya Mungu. Unadhani sikukijua?"

"Ulijua siku zote?"

"Doa nilijua. Nilidhani umegusa, basi, yameisha, mtoto mkubwa. Sikujua ndilo lililokupeleka benchini mpaka leo nilipoona ulivyokuwa unalificha gumba pale." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilidhani umenichoka, Delmar. Mimi na vitambaa vyangu. Nilikuwa nasema moyoni, alinifuata miaka yote ile kwa huruma tu, sasa huruma imemwishia."

Delmar aliona aibu kuliko siku ile ya doa.

"Yaani miaka tisa," alisema Ardith, na sauti ikaanza kupanda, "magoti!" Akamchapa begani kwa karatasi ya ratiba. "Kwa grisi!" Akamchapa tena. "Mwanamume mzima!" Benchi la waume lote lilikuwa limegeuka kutazama, na Harlan alikuwa ameacha kutafuna.

"Naomba tuzunguke," alisema Delmar.

"Wanafunga."

Kweli, taa za safu ya mwisho zilikuwa zimeshazimwa na wasichana wa kamati walikuwa wanakusanya vibao. Ardith aliwatazama, akamtazama mumewe, akavua koti akalirudisha kwenye ndoano.

"Ione!" aliita ukumbi mzima ukasikia. "Washa!"

Taa zikawashwa. Walianzia safu ya kwanza, mfarishi wa kwanza, wa nyota za bluu na nyeupe. Delmar aliinama, mikono nyuma, akausogelea karibu.

"Haya," alisema Ardith. "Huyu je?"

"Huyu alikasirika," alisema Delmar. "Alikasirika muda mrefu sana. Ona hapa." Akashuka kwa macho hadi pembeni. "Lakini aliendelea kushona."

Ardith alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa mumewe, akalipata lile gumba lililotokeza kwenye glavu, akalifumbata kiganjani, kama mama anayemzuia mtoto asiguse vitu vya dukani, na hakuliachia mpaka walipofika safu ya mwisho.