Nyama ya swala niliyoitumbukiza kwenye sufuria ya nyumba nzima, Majengo

Wakuu, marahaba.

Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa miaka themanini na saba niliyo nayo naitikia mapema kabisa.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Ningetaka kudanganya ningejipamba zaidi, mtaona.

Nimesoma uzi wa binti anayeuliza apike nini haraka akitoka kazini, nyama na mboga za majani, bila kusimama jikoni saa mbili. Mkamshauri pressure cooker, mkamshauri air fryer. Nikacheka peke yangu hapa Komarock, halafu nikaanza kuukumbuka ua mmoja wa Pumwani.

Niliolewa katikati ya miaka ya hamsini, nikatolewa Machakos nikaletwa Majengo, hukohuko Pumwani, Nairobi. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, kuta za udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Wapangaji wote walikuwa Waislamu isipokuwa mimi na mume wangu. Kupata chumba Nairobi wakati huo kulikuwa kazi ngumu, na mama yule alitupokea kwa moyo mweupe.

Jioni za nyumba ile bado naziota. Jua linazama nyuma ya mapaa, moshi wa makaa umetulia chinichini uani, na sisi wanawake tumekaa kwenye vibao tunachambua mchicha. Maneno yanakwenda na kurudi polepole, hakuna anayekimbilia popote. Kuna siku nafumba macho nasikia hata kisu cha jirani yangu Mama Salim kikikata sukuma wiki.

Sasa recipe, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya hiyo.

Ili tusiunguze makaa mengi, nyumba ilikuwa na sufuria moja kubwa ya nyama. Kila mwanamke analeta kipande chake, anakifunga kwa uzi wa rangi yake ili kisipotee, anakitumbukiza. Uzi wangu ulikuwa wa kijani. Chumvi na tangawizi, basi.

Nyama ikichemka sisi tunakata mboga. Ikiiva, kila mmoja anatoa yake na kikombe cha supu, anarudi kwenye jiko lake dogo. Unakaanga kitunguu na nyanya moja, unatia nyama uliyoikata vipande vyembamba, unamwagia supu kidogo. Mboga inaingia mwisho kabisa. Geuza mara mbili, epua. Timing ndiyo kila kitu, wakuu. Sukuma ikipikwa hadi ikawa nyeusi imeonewa bure.

Nyama yote ilitoka bucha moja, ya Mwislamu, ili iwe imechinjwa inavyotakiwa. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, nikaitikia kama bibi arusi anavyoitikia kila kitu.

Basi jioni moja katikati ya wiki mume wangu, aliyekuwa dereva wa mzungu fulani, alipita nyumbani mbio na paja la swala. Bwana wake alikuwa amewinda huko Athi, akamkatia. Aliniachia nyama akarudi kazini.

Kwetu nyama ya mwitu ni sherehe. Nilifurahi hadi nikaimba. Nikakata kipande kinono, nikafunga uzi wangu, nikakitumbukiza pamoja na vya wenzangu.

Adhana ya magharibi ikaita. Wenzangu wakainuka kwenda kutawadha, na Bi Mwanaisha akaniambia, "Mueni mwanangu, tuangalizie sufuria."

Nikabaki peke yangu uani. Mwanga ulikuwa umepata ile rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya tangawizi imejaa kila mahali. Nilikaa kama mtu aliye nusu usingizini. Nikafunua sufuria, nikautazama uzi wangu ukizunguka polepole katikati ya nyuzi za wengine.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule swala hakuchinjwa. Alipigwa risasi akafa.

Nilikitoa kipande changu upesi, nikakificha kwenye ungo chini ya majani ya sukuma. Nani angejua? Lakini supu ilikuwa ileile, na nyama zao zilikuwa zimechemka ndani yake.

Nikisema, nyumba nzima inakosa nyama usiku huo na sisi tunafukuzwa. Tungelala wapi? Nikinyamaza, mama aliyeniita mwanangu anakula haramu kwa mkono wangu, tena akinishukuru. Niliogopa, wakuu, sitawaficha. Nikaanza kulia palepale.

Bi Mwanaisha alikuwa wa kwanza kutoka.

"Walia nini? Moshi?"

Ningeweza kusema ndiyo, moshi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Mama, nyama yangu haikuchinjwa. Ni swala wa bunduki. Ilikuwa humo ndani na zenu."

Mama Salim aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyejibu. "Atoke! Leo hii atoke! Watoto nimeshawaambia wanakula nyama, sasa niwaambie nini?" Sikumlaumu. Watoto wenyewe walikuwa mlangoni, sahani mkononi.

Bi Mwanaisha alibeba sufuria akaenda kuimwaga nje ya ua. Akaisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Kisha akakusanya mboga za kila mtu, sukuma, mchicha, kunde, akazikata nyembamba na kuzikaanga pamoja. Akamalizia kwa tui la nazi aliyokuwa amewawekea wageni. Yote hayakuchukua hata nusu saa, na muda huo wote hakunitazama.

Sahani yetu aliiacha mlangoni. Niliila nikilia, na ilikuwa tamu ajabu. Mume wangu aliporudi nilimweleza, tukafunga vitu vyetu vyote katika shuka moja.

Asubuhi Bi Mwanaisha alibisha. Akalitazama lile furushi, akanitazama mimi.

"Jana ningekula, nisijue," alisema. "Nimekula kwa wangapi nisijue? Fungua vitu vyako. Kuanzia leo nyama ya nyumba yote utanunua wewe."

Mama Salim akapaza sauti kutoka chumbani kwake, "Na yangu usiniletee mifupa mitupu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi Mkamba, Mkristo, mla swala, nilinunua nyama ya nyumba ile miaka sita, hadi tulipohama. Kila jioni niliweka kifurushi mbele yao wakafungua na kupika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeitoa wapi.

Funzo langu ni dogo. Ukiharibu chakula cha watu, sema kabla hakijapakuliwa, hata kama sauti inatetemeka.

Haya, aliyewahi kukosea kwenye jiko la watu wengi aje aseme hapa. Nasoma polepole, miwani ni ya zamani, lakini kila reply nitaifikia.