Hema Lililofanana na Kaburi

Kwetu Kibosho, chini ya migomba, upepo hatuujui. Tunachokijua ni mvua. Tunaijua ile inayoanza kwa kunong'ona juu ya majani, na ile inayoshuka kwa hasira ikichukua udongo wa kihamba, shamba letu la migomba, hadi mtoni. Upepo hukwama mitini kabla haujatufikia, na mtu anaweza kuzeeka huku bila kuona bati likinyanyuka. Ndiyo maana siku tuliyokwenda kuchagua hema, tulichagua kwa kuiogopa mvua.

Kaka yangu alikuwa amebeba mizigo ya wageni mlimani tangu alipoacha shule. Njia aliyoizoea ilikuwa na vibanda na mapango, na wapagazi walilala humo. Mwaka ule aliitwa kwa mara ya kwanza awe kiongozi, tena kwa njia ya magharibi, ambako huko juu hakuna kibanda. Wageni wangekuja na mahema yao, wapagazi wajitafutie. Bila hema kazi ingekwenda kwa mwingine. Na hema likiwa bovu, kule juu hakuna pa kukimbilia. Baba alikuwa amelala kihambani, kando ya masale tunayopanda makaburini, na Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume.

Madukani Moshi hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Hema ungelipata wapi? Tukasikia kuwa mjane mmoja wa Kizungu, ambaye shamba lake la kahawa lilikuwa limechukuliwa na serikali, anauza vitu vyake kabla ya kuondoka. Tukaenda wanne: Mama, kaka, mimi, na jirani yetu, rafiki wa kaka tangu utoto, ambaye wangepanda naye mlima. Huyo hakuweza kukaa kimya hata kanisani.

Mahema yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la turubai zito, refu, lenye kuta zilizosimama wima na nguzo za mbao. Mtu mzima aliweza kusimama ndani na kuvaa koti lake. La pili lilikuwa la kitambaa chepesi cha kijivu, limeinamia ardhi, limeshikwa na vyuma vyembamba vilivyopinda kama upinde, na kamba nyingi pande zote. Kulikaribia tu ulitakiwa kupiga magoti.

"Hilo kubwa tulikuwa tunawindia kule tambarare," alisema mjane, akaendelea kufunga masanduku yake.

Hakuna aliyeuliza lile dogo walikuwa wanakwenda nalo wapi.

Mama aliomba ndoo ya maji. Akapanda juu ya kiti na kuyamwagia mahema yote mawili, taratibu, kama mtu anayemwagilia mche wa kahawa. Turubai liliyanywa maji kidogo, likakaza, likakauka kwa ndani. Lile dogo lilitoa vitone kwenye mshono.

"Umeona?" Mama akasema.

Kaka alikuwa tayari amelala ndani ya lile dogo. Nyayo zake tu ndizo zilizoonekana mlangoni.

"Mama, hili ni chini. Upepo utapita juu yake."

"Toka humo."

"Nasema tu, kule juu—"

"Toka humo, mwanangu! Huoni linavyofanana? Nimeshazika mmoja."

Tuliona sote. Lilikuwa refu, jembamba, limeinuka katikati. Ungepanda masale pembeni yake, asingekuwapo mtu wa kuuliza.

Yule rafiki akaingilia kwa utani. "Mama, unitetee na mimi. Nina mke na watoto. Nikionekana naingia kulala kwa magoti, watasema nimelewa mbege!"

Tulicheka, hata Mama. Kaka alitoka akijipangusa nyasi, na mbele ya mama yake hakubishana tena. Tukalichukua lile kubwa la turubai. Mjane akatuambia tubebe na lile dogo, kwani hakuwa na pa kulipeleka. Mama alilitandaza juu ya majani ya ng'ombe nyuma ya zizi, akaliwekea mawe.

Yaliyotokea mlimani kaka aliyasimulia mara moja tu. Turubai lililoana msituni, na hapakuwa na jua la kulikausha. Walipofika juu liliganda, likawa gumu kama ubao, na bado walilisimamisha kwa sababu hawakuwa na jingine. Alfajiri upepo ulikuja kutoka ubavuni. Kuta zile zilizosimama wima, ambazo tulizipenda, ziliupokea wote. Nguzo ilivunjika kwenye kiungo. Hema likawaangukia, kisha likanyanyuka na kuondoka na blanketi zao. Kaka alikimbilia mahema ya wageni akiwavuta wapagazi wengine. Yule rafiki alikwenda upande wa pili, kulifuata turubai, kwa maana bila turubai hakuna kazi. Walimkuta ameketi nyuma ya jiwe, amelikumbatia, kama mtu aliyepumzika kidogo kabla ya kuendelea.

Walimshusha amefungwa ndani yake.

Kaka alirudi na miguu iliyokuwa imegeuka rangi kwa baridi. Hospitali walimwondoa vidole. Mama alimnywesha mtori, supu ya ndizi, kwa kijiko. Baada ya maziko alikata jani la sale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa mke wa marehemu. Mimi nilimfuata. Kwetu, anayeletewa sale hakatai msamaha.

Yule mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimepokea, Mama," alisema. "Lakini usinitazame usoni bado."

Mama aliinamisha kichwa, tukarudi. Tangu siku hiyo alikwenda kanisani kwa njia ya mbali, inayozunguka kule chini mtoni, ili asipite mlangoni pale.

Kaka alijifunza kutembea upya, akikanyaga kwa visigino. Kiangazi kilipofika akasema anarudi mlimani. Mama hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya zizi, akaondoa mawe, akalivuta lile hema la kijivu kutoka kwenye majani ya ng'ombe. Lilinuka mavi na mvua. Alilifua mtoni, akaziba mishono kwa nta.

"Tulipime," akasema, akichukua ndoo.

"Si kwa maji, Mama. Wala si hapa. Hapa hakuna upepo."

Tukalipeleka kwenye shamba letu la mahindi kule tambarare, chini ya soko la Kwa Sadala. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na upepo ulikuwa unatembeza vumbi lote la nchi. Kaka alisimama kwanza, akageuza shavu kuutafuta. Kisha akaelekeza ncha nyembamba ya hema huko ulikotoka, akavipigilia vigingi kwa mshazari, akazikaza kamba hadi kitambaa kikaacha kupigapiga. Upepo ulikuja mzima mzima. Hema liliinama, likatetemeka, likabaki.

"Linashika," alisema kaka.

Mama alivua viatu vyake, akafunga kanga vizuri, akapiga magoti kwenye vumbi na kutambaa ndani. Tuliziona nyayo zake mlangoni, nyeupe kwa udongo, zikiwa pamoja kama alivyolazwa Baba. Kaka aligeuka akatazama pembeni. Upepo ulivuma tena na tena, na kila ulipovuma nilitamani utung'oe, hema na yeye na sisi sote, tuwe hatujawahi kuchagua kitu.

"Kamba ya huku imelegea," sauti yake ilisema kutoka ndani.

Kaka alichechemea hadi upande ule, akaikaza.

"Bado."

Akaikaza tena.

Alikaa humo mpaka jua likahama. Alipotoka, kwa magoti, uso wake ulikuwa na vumbi, na vumbi lilikuwa na michirizi. Hakumtazama kaka. Alivaa viatu vyake, kimoja kimoja.

"Lifunge," akasema. "Utakwenda nalo."