Tone la Mwisho Mkononi

Pale bekari walimwita Bi Chafya, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Miaka kumi na tisa alikuwa mezani akikanda unga. Akifungua gunia la kwanza tu, basi: chafya saba, nane, macho mekundu kama katoka msibani, pua haikatiki. Mwaka huu kifua nacho kikaanza kubana na kupiga filimbi.

"Leo umefikisha ngapi?" mchomaji wa mikate alimtania kutoka mlangoni mwa tanuri.

"Hesabu wewe. Si kazi yako kukodoa macho tu?"

Mwenye bekari, mama mpole lakini akisema amesema, alimwita pembeni. "Dada, nenda hospitali wakupime mzio. Kama ni unga, hapo mezani sikurudishi. Sitaki uje uniangukie hapa pumzi imekata."

Hapo baridi ikamwingia moyoni. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki, watoto wameoa na kuolewa. Ile meza ndiyo iliyomwamsha kila siku. Akiondolewa, ataamkia nini?

Hospitali muuguzi alimpa tarehe na sharti moja: siku saba kabla ya kipimo asimeze dawa yoyote ya mzio wala ya mafua. Siku sita alivumilia, akajikuna, akapiga chafya hadi mbavu zikamuuma. Siku ya kipimo, asubuhi, akabisha hodi kwa wifi yake.

"Wifi, vile vidonge vyako vya njano bado vipo?"

"Vipo. Lakini si wamekukataza?"

"Ndiyo maana navitaka."

Wifi akashika kiuno. "Ee! Unakwenda kupimwa, au unakwenda kuibia mtihani?"

"Nipe bwana, nachelewa."

Akameza viwili. Alikuwa ameshamwomba Mungu kipimo kisioneshe kitu. Sasa akawa kama anayemsaidia Mungu kazi.

Kwenye benchi la hospitali usingizi ulimchukua mpaka muuguzi akamgusa bega. Akanyoosha mkono. Muuguzi akamdondoshea matone mstari mmoja: la vumbi la nyumbani, la manyoya ya paka, la mende, la unga wa ngano, la maji ya chumvi, na moja la mwisho. Kila tone akalichoma kidogo kwa kijisindano. Wakangoja robo saa.

Ngozi ikabaki nyororo kama ya mtoto. Bi Chafya akaanza kushukuru kimoyomoyo. Lakini muuguzi rula ya kupimia uvimbe hata hakuishika.

"Mama, unaona hapa palipokuwa na tone la mwisho? Hii ni histamini. Mwili wako ukikutana na kitu usichokitaka, huimwaga wenyewe. Ndiyo inayowasha na kutoa kamasi. Hapa nimeitia mimi kwa mkono wangu. Hata asiye na mzio wowote angevimba kama aliyeumwa na mbu. Wewe hujavimba."

"Labda ngozi imekuwa ngumu, mwanangu. Kazi zetu hizi."

"Si ngozi. Umemeza nini?"

Neno "sijameza" lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini mdomo huohuo ndio aliomwomba nao Mungu. Akainama. "Vya njano. Viwili."

Muuguzi akacheka, si kwa kumdhihaki. "Ndiyo maana umenisinzilia. Vile vinapanda mpaka kichwani. Sikiliza, mama. Histamini ina viti vyake mwilini, mpaka ikae ndipo iwashe. Dawa inawahi viti. Histamini ikija inakuta pamejaa, inabaki imesimama. Haijaondoka lakini."

"Na kifua?"

"Kifua hakiponi kwa vidonge hivi. Ungerudi kwenye unga, pua imenyamaza, unajiona mzima, kumbe kifua kinaendelea kufunga chini kwa chini."

Hilo ndilo lililomtisha. Akapewa tarehe nyingine. Safari hii wifi alivifungia vidonge kabatini na ufunguo akauchomeka kifuani. "Njoo uvichukue hapa, kama wewe mwanamume," alisema, wakacheka wote wawili.

Siku ilipofika, tone la mwisho lilivimba lilivyotakiwa. La unga likavimba kulipita, pana kama kifungo cha shati. Muuguzi akapima: milimita tisa. Bi Chafya akapatazama kwa muda mrefu, kama anayemtazama ndugu aliyemkosea.

"Na mkate nisile?"

"Wewe kula. Linalokudhuru ni vumbi la unga unalovuta."

Karatasi ya majibu hakuipa siku ya kulala nyumbani. Alitoka nayo hospitali moja kwa moja hadi bekari, akaiweka mbele ya mwenye bekari.

"Ni unga," alisema. "Nitoe mezani."

Mama yule alisoma, akaikunja. "Kesho uende chumba cha kufungashia mikate, ng'ambo ya ua. Mashine ya kukata slesi unaijua?"

"Siijui."

"Utajifunza."

"Kwa umri huu?"

"Kwa umri huu huu."

Wiki ya kwanza slesi zake zilitoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama kabari za mlango, na wenye maduka wakalalamika. Wiki ya pili wakalalamika kidogo. Kifua chake kilikuwa kimenyamaza.