Picha ya Hatua Nne

Miaka arobaini mzee alikula jasho lake kwenye mashine ya ofseti, katika kiwanda cha uchapaji. Kiwandani walimwita Babu Nukta, kwa kuwa hakuamini kitu bila kukitazama kwa lenzi yake. Picha ya kuchapwa, alikuwa akisema, ni nukta tu. Zikiwa nene, jicho linaona kivuli. Zikiwa ndogo, linaona mwanga. Mtu mwenyewe hayumo.

Mkewe alipofariki, binti yao aliomba kitu kimoja: picha ya mama, kubwa, ya ukutani.

"Baba, mchapaji ni wewe. Nimwambie nani mwingine?"

Mzee akaitikia.

Picha za harusi zilikwisha kuliwa na unyevu. Ya kitambulisho ilimtoa kama mtu aliyeitwa polisi. Iliyobaki ni moja, kwenye kalenda ya kiwanda ya miaka thelathini na moja nyuma. Siku ile mkewe alikuwa amemletea chakula cha mchana. Bosi akasema, mama, hebu simama hapo, shika haya madaftari. Akacheka. Mpiga picha akabonyeza.

Picha yenyewe, ile ya studio, mzee aliitupa kwa mkono wake. Ndivyo walivyofanya: pleti, lile bati la kuchapia, ikishatoka, picha isiyo na mwenyewe inakwenda kwenye pipa la kuchoma. Walimuuliza kama anaitaka.

"Ya nini? Mwenyewe yuko nyumbani."

Wakacheka wote. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Basi akaufunga ule ukurasa wa kalenda ndani ya gazeti, akaenda nao kiwandani kwa mama wa kompyuta, mwenye kuandaa picha za kuchapwa. Mwanamke yule walifanya kazi pamoja miaka mingi. Mdomo mkali, mkono mwepesi.

"Shikamoo, Babu Nukta. Umefunga nini hivyo, hati ya nyumba?"

"Marahaba. Nimemleta mwenzangu."

Mama wa kompyuta akaacha utani. Akaipokea kwa mikono miwili.

Akaiingiza kwenye kompyuta, wakaanza na nukta za kawaida, zile zinazokaa kwa mistari. Uso ukajaa mawimbi.

"Ana nukta zake tayari," mwanamke akasema. "Tukimpa nyingine juu yake, zinagombana."

"Najua. Geuza pembe ya mistari."

Akageuza mara tatu. Mawimbi yakapanuka, yakabanana, hayakuondoka.

"Kama anatuchungulia kwenye chandarua," mwanamke akasema, kisha akajiziba mdomo. "Nisamehe, Babu."

"Si neno. Mlainishe kwanza."

Akalainisha nukta za zamani mpaka zikayeyuka. Mawimbi yakaondoka. Macho nayo yakaondoka.

"Basi zitawanye."

Akazitawanya: nukta ndogondogo, hazina mstari wala pembe, kama mchanga uliomwagwa. Kwenye kioo cha kompyuta mkewe akatokea bila wimbi hata moja. Mzee akashika ukingo wa meza.

Pleti ikatengenezwa. Mashine akaiwasha mzee mwenyewe. Lakini mashine ile ilikuwa imezeeka kama yeye. Mpira wake wa kuchapia ukazikandamiza zile nukta ndogo, zikavimba, zikashikana. Karatasi ya kwanza ilimtoa mkewe mweusi tii, kama ametoka kwenye masizi. Akapunguza wino. Mashavu yakapotea. Akaongeza. Akapunguza. Mpaka saa ya kufunga.

"Babu, mashine hii haiziwezi nukta hizi. Unajua."

"Najua."

Mzee akachukua lenzi, akatafuta mwanya. Mkewe alikuwa na mwanya katika meno ya juu, na kicheko chake chote kilipitia pale. Hakuuona. Akaiweka lenzi juu ya kalenda yenyewe. Hakuuona. Pale kwenye mwanya ilikuwa imekaa nukta moja nene, nyeusi, tangu siku ile.

Na nukta zile alizichagua yeye, kalenda ilipochapwa. Karatasi ya kalenda ilikuwa ya bei ya chini, inanyonya wino. Akaamua, wekeni nukta nene, nani atatazama meno?

"Mwache alivyo," alisema. "Nukta zake zilezile. Zikuze tu, usiongeze kitu."

Ndiyo iliyotoka. Kubwa, haina wimbi, kila nukta kama kifungo cha shati.

Binti alikuja kuiona sebuleni. Akainama karibu.

"Baba, mbona ni madoadoa?"

"Rudi nyuma."

"Hapa?"

"Bado. Nenda mlangoni."

Akarudi mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mama," akasema.

Akatoka mbio kwenda kuigusa. Katikati akasimama: mama amegeuka madoadoa tena. Mzee aliona uso wa binti unavyobadilika. Binti akarudi mlangoni kinyumenyume, taratibu, asijikwae.

"Iweke chumbani kwako, Baba. Awe karibu nawe."

Mzee alikuwa ameshapima kwa hatua. Kutoka kitandani mpaka ukutani ni hatua mbili na nusu. Picha inataka nne. Alisogeza kitanda, akakigeuza, akapima tena. Mbili na nusu.

Akaitundika ukumbini, mkabala na mlango wa chumba, na tangu hapo hafungi mlango huo. Akiwa amelala, anamwona anacheka. Asubuhi huweka miguu chini amwendee. Hatua ya pili, mkewe ameshaanza kupotea.