Injini Iliyokubali Simu Yangu

Mpangaji wangu anatengeneza mchezo wa mtandaoni, wa watu wengi kucheza pamoja, kila mmoja na mhusika wake, na hutafuna kucha mpaka unamwonea huruma. Wenzake walimkimbia, kama mume wangu alivyonikimbia mimi, wakidai injini, ile programu ya kuuendesha mchezo, isipokuwa ya kampuni kubwa haitauweza. Yeye kila injini huijaribu kwenye simu yangu kuukuu, akiifuta kwanza kwa pindo la gauni. "Ikikubali hapa, mama, itakubali kwa kila mtu." Zile kubwa ziliizima simu. Jana akaweka injini ndogo, akakimbilia kompyuta yake chumbani.

"Unaniona?"

Nikamwona kwenye simu, juu ya farasi, kando ya farasi wangu. "Nakuona!"

"Ndiyo hii! Nimeichagua!"

Nikagusa kioo, farasi wangu akachomoka.

"Nisubiri, mama!"

Thubutu! Nimeshasubiri watu vya kutosha.